Moyo Unaposimamishwa Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Utafiti wa Jeraha la Moyo Wakati wa Upasuaji

Ukurasa huu ni kwa wanafunzi wa uzamili, wauguzi wa chumba cha upasuaji na wa chumba cha wagonjwa mahututi (ICU), wataalamu wa mashine ya moyo na mapafu, watu wa maabara, na ndugu wa wagonjwa wanaoombwa ridhaa ya utafiti hapa Dar es Salaam. Maswali ya kitaalamu yako mwanzo na katikati. Ndugu wa mgonjwa anaweza kusoma swali la kwanza kisha akaruka hadi la mwisho.

Mgonjwa anakwenda kutibiwa moyo. Iweje moyo wenyewe ujeruhiwe?

Daktari hawezi kushona vali (mlango wa damu ndani ya moyo) inayofunguka na kufunga mara 80 kwa dakika huku damu ikimfunika macho. Anahitaji moyo uliotulia na uliokauka. Kwa hiyo aota, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, hubanwa kwa kibano kikubwa, ambacho chumbani kila mtu hukiita klampu. Sasa, mishipa ya koronari inayolisha msuli wa moyo inachipuka papo hapo juu ya vali ya aota, chini ya mahali klampu inapokaa. Klampu ikishabana, msuli wa moyo haupati damu mpaka itakapofunguliwa. Kwa vali moja muda huo mara nyingi ni saa moja hadi saa moja na nusu. Kwa vali mbili unaweza kupita saa mbili.

Msuli huu ni mlafi wa oksijeni kuliko karibu kiungo kingine chochote. Ukiwa kazini hutumia takriban mililita 8 hadi 10 za oksijeni kwa kila gramu 100 za nyama yake kwa dakika. Ukisimamishwa bila kupozwa, matumizi yanashuka hadi karibu mililita 1. Ukipozwa juu ya hapo, yanashuka zaidi, maana kila nyuzi 10 za joto zinazoondoka hupunguza mwendo wa kemia ya seli kwa karibu nusu. Anayezishika namba hizi anaelewa kwa nini kusimamisha moyo haraka kunaokoa kingi kuliko barafu peke yake.

Mashine ya moyo na mapafu haiulindi?

Inalinda ubongo, figo, ini na vingine vyote. Mtaalamu wa mashine huendesha damu kwa lita 2.2 hadi 2.4 kwa dakika kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, baada ya heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ya uniti 300 hadi 400 kwa kilo na kipimo cha kuganda kwa damu kupita sekunde 480. Lakini msuli wa moyo uko upande wa pili wa klampu. Hauguswi na damu hiyo.

Mashine ilitumika kwa mafanikio kwa mara ya kwanza na John Gibbon kule Philadelphia tarehe 6 Mei 1953. Tanzania ilianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008 pale Muhimbili, na tangu 2015 kazi hiyo ina taasisi yake, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Upanga, ndani ya eneo la Muhimbili.

Kwa nini moyo husimamishwa kwa potasiamu?

Potasiamu ya nje ya seli ikipanda, ukuta wa seli hupoteza sehemu ya chaji yake, na milango ya sodiamu inakwama ikiwa imefungwa. Umeme haupiti tena, na moyo unasimama ukiwa umelegea, hali inayotumia nishati kidogo. Maji yanayofanya kazi hiyo huitwa kadioplegia.

Historia yake ina funzo kubwa kwa mtafiti. Mwaka 1955 Denis Melrose na wenzake wa London walitangaza njia ya kusimamisha moyo kwa potasiamu sitreti. Moyo ulisimama vizuri sana. Baadaye ikaonekana kwamba mkusanyiko waliotumia ulikuwa mkali mno na ulikuwa ukiua msuli wenyewe, na njia nzima ikatupwa kwa karibu miaka 20. Wazo halikuwa na kosa, kipimo ndicho kilichokosewa. Katikati ya miaka ya 1970, David Hearse na Mark Braimbridge wa hospitali ya St Thomas', London, walilirudisha wakiwa na dozi za wastani. Maji yao ya pili yana potasiamu milimoli 16, magnesiamu milimoli 16 na kalsiamu milimoli 1.2 kwa lita. Kalsiamu hiyo ndogo ilibakizwa humo kwa makusudi. Tangu 1966 ilijulikana kwamba moyo ulionyimwa kalsiamu kabisa, kisha ukarudishiwa, hujikunja na kupasuka seli zake kwa wingi.

Kadioplegia ipi ni bora?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kwa maoni yetu si la kuanza nalo. Kwa mgonjwa wa kawaida, aina kuu zinazotumika zikitolewa sawasawa hukaribiana sana. Tofauti kubwa huja na namna zilivyochanganywa na mahali zilipofika. Hata hivyo lazima uzijue.

Kadioplegia ya damu huchanganya sehemu 4 za damu ya mgonjwa na sehemu 1 ya maji, na hurudiwa kila dakika 15 hadi 20. Ile ya Bretschneider, inayouzwa kwa jina la Custodiol, inakwenda kinyume na nyingine: inapunguza sodiamu hadi milimoli 15 kwa lita na kutumia histidini kuzuia asidi. Hutolewa mara moja, mililita 20 kwa kilo, taratibu kwa dakika 6 hadi 8, ikiwa na nyuzi 5 hadi 8. Ukiiharakisha, sodiamu ya mgonjwa hushuka ghafla.

Ya del Nido, iliyotoka Pittsburgh kwa ajili ya watoto na sasa inatumika hata kwa watu wazima, huandaliwa hivi: Plasma-Lyte A (maji ya dripu yenye chumvichumvi) mililita 1,000, manitoli ya asilimia 20, mililita 16.3, magnesiamu salfeti ya asilimia 50, mililita 4, sodiamu baikaboneti ya asilimia 8.4, mililita 13. Potasiamu kloridi yenye milimoli 2 kwa mililita, mililita 13. Lidokeini ya asilimia 1, mililita 13. Kisha sehemu 4 za maji haya huchanganywa na sehemu 1 ya damu. Hiyo ni kinyume cha kadioplegia ya damu ya kawaida, na wageni huzigeuza bila kujua. Dozi ni mililita 20 kwa kilo, isizidi lita 1, na kwa kawaida inatosha kwa dakika 60 hadi 90.

Hapo kwenye potasiamu ndipo makosa hutokea. Ampuli ya potasiamu kloridi ya asilimia 15 ina milimoli 20 ndani ya mililita 10. Ya asilimia 10 ina milimoli 13.4 tu. Duka la dawa likibadilisha aina na mchanganyaji akaendelea kuvuta mililita 13 kwa mazoea, atapata milimoli 17 badala ya 26, na moyo utachelewa kusimama. Kwa ampuli ya asilimia 10 unahitaji mililita 19.4. Lidokeini nayo ni vilevile: ya asilimia 2 huvutwa mililita 6.5. Andika milimoli na miligramu kwenye fomu ya utafiti. Usiandike mililita peke yake.

Plasma-Lyte isipopatikana, wengine hutumia Ringer, maji mengine ya dripu. Mbadala huo umechunguzwa katika nchi mbalimbali, lakini Ringer ina kalsiamu na Plasma-Lyte haina. Usiripoti kwamba umetumia "del Nido" bila kutaja ulichowekea msingi.

Kitu gani hasa huharibika chumbani?

Dawa haifiki. Ukichukua jambo moja tu kwenye ukurasa huu, chukua hili: utafiti mwingi unalinganisha mapishi bila kupima kama chakula kimefika mezani.

Anza na vali ya aota inayovuja. Kadioplegia ikimiminwa kwenye mzizi wa aota, badala ya kuingia koronari inapita kwenye vali na kujaza ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini. Kwenye skrini shinikizo la mzizi, ambalo linapaswa kuwa kama milimita 60 hadi 80 za zebaki, linakataa kupanda. Moyo unaanza kuvimba kama puto. Daktari akiweka kiganja chake chini ya ventrikali anausikia ukikaza. Msuli uliotanuliwa hivyo hubana mishipa yake midogo, na hata dawa kidogo inayofika koronari haipenyi hadi tabaka la ndani. Suluhisho ni kufungua aota na kumimina moja kwa moja kwenye mdomo wa kila koronari, au kupitia nyuma, kwenye sinasi ya koronari (vena kubwa inayokusanya damu ya msuli wa moyo), pamoja na mrija wa kunyonya ndani ya ventrikali ya kushoto.

Hapa Dar jambo hili lina uzito wa pekee. Wagonjwa wetu wengi wana vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayoanza na maumivu ya koo utotoni, na mara nyingi zaidi ya vali moja inahusika. Utafiti wa REMEDY uliokusanya wagonjwa 3,343 wa aina hii kutoka nchi 14, nyingi za Afrika, ulipata umri wa kati wa miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Sehemu kubwa ya maandiko ya Ulaya na Marekani yanahusu wazee wenye koronari zilizoziba. Hatari za wagonjwa wao si zetu.

Njia ya kupitia nyuma nayo ina mtego wake. Shinikizo lisizidi milimita 40 za zebaki, la sivyo mshipa hupasuka au msuli huvimba maji. Na kanula (mrija wa kumiminia) ikiingizwa ndani sana inapita midomo ya vena ndogo zinazotoka ventrikali ya kulia, hivyo upande huo haupati kitu. Ventrikali ya kulia pia ndiyo iko mbele, chini ya taa za upasuaji, nayo hupata joto mapema kuliko sehemu nyingine. Mgonjwa mwenye vali ya mitro (ya kati ya vyumba vya kushoto vya moyo) iliyobana kwa miaka, na shinikizo la mapafu lililopanda, anaingia chumbani ventrikali ya kulia ikiwa tayari imechoka. Atatoka kwenye mashine ventrikali ya kushoto ikipiga vizuri na ya kulia ikiwa imelala. Ukiona hivyo, usikimbilie kulaumu aina ya dawa kabla hujaangalia ilipita wapi.

Kuna na joto. Mfuko unatoka kwenye friji ukiwa na nyuzi 4, unatundikwa, unapita kwenye mpira mrefu, na kiyoyozi siku hiyo kinasuasua. Maji yanayoingia mwilini si ya nyuzi 4 tena. Tumia kipozeo cha laini, na weka kipima joto mwishoni mwa mpira, karibu na kanula.

Mwisho, damu inayorejea kwenye moyo kupitia vimishipa vya bronki husuuza potasiamu polepole na kuupasha moto msuli. Dalili ya kwanza ni vimistari vidogo kuanza kuonekana kwenye skrini ya umeme wa moyo. Mtaalamu wa mashine aviseme kwa sauti, na saa na dakika viandikwe.

Basi kila upasuaji uandikwe nini, kwa uchache?

Aina na muundo wa kadioplegia, mililita zilizotolewa kwa kila njia, shinikizo, joto mwishoni mwa mpira, sekunde kutoka kuanza kumimina hadi moyo kusimama (ikipita dakika moja, andika sababu inayodhaniwa), kila mara umeme uliporudi, saa ya kufunga na kufungua klampu, idadi ya mishtuko ya umeme iliyohitajika kuurudisha moyo kwenye mdundo. Karatasi moja, pande mbili, kalamu ya wino. Mtu mmoja apewe jukumu hilo na asiwe na kazi nyingine wakati klampu imefungwa.

Jeraha hutokea damu ikiwa imekatwa, au inaporudishwa?

Yote mawili, na la pili ndilo linaloweza kupunguzwa zaidi na mikono ya watu waliomo chumbani.

Damu ikikatwa bila ulinzi, msuli huacha kujikunja ndani ya dakika moja hivi. Majaribio ya mbwa ya Robert Jennings na Keith Reimer yalionyesha kwamba kifo cha seli huanza baada ya kama dakika 20 za joto la kawaida, kikitokea tabaka la ndani na kusambaa kuelekea nje kama wimbi. Damu ikirudi, seli zilizobaki hai zinapata oksijeni na kalsiamu kwa mkupuo, asidi inaondoka haraka, chembe huru za oksijeni zinazalishwa, na matundu ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, yanafunguka. Seli iliyovumilia saa nzima inaweza kufa dakika tano baada ya kuokolewa.

Ndiyo maana dakika za kufungua klampu zinahitaji utulivu. Vyumba vingi hutoa kwanza damu ya vuguvugu, nyuzi 37, yenye potasiamu, kwa dakika 3 hadi 5, ili seli zipate chakula kabla ya kuanza kazi. Shinikizo la mashine huanza chini kisha hupandishwa taratibu. Kalsiamu ya mishipa haisukumwi mara tu klampu inapofunguka; msuli uachwe upumzike kwanza. Na hewa itolewe: mgonjwa akiwa amelala chali, mdomo wa koronari ya kulia uko upande wa juu wa aota, na hewa hupanda juu. Kiputo kikiingia humo, ventrikali ya kulia hulegea ghafla na mistari ya umeme hunyanyuka. Mtafiti asiyejua hili ataandika "ulinzi duni", kumbe ni hewa.

Kuna pia msuli usiokufa ila umepigwa bumbuwazi. Eugene Braunwald na Robert Kloner waliueleza mwaka 1982: damu imerudi, seli ziko hai, lakini nguvu hairudi kwa saa au siku kadhaa. Mgonjwa wa namna hii akipewa dawa za kusaidia moyo na muda, hupona. Ndiyo maana kupima nguvu ya moyo saa 2 baada ya upasuaji na kuiita matokeo ya mwisho ni kosa.

Troponini ikipanda baada ya upasuaji, ina maana mgonjwa amepata shambulio la moyo?

Hapana. Karibu kila mtu aliyefunguliwa moyo hupandisha troponini, protini ya msuli wa moyo inayovuja kwenye damu seli zikivunjika, maana kushona, kukata na kushika moyo vyote vinavunja seli. Tafsiri ya nne ya kimataifa ya shambulio la moyo, ya mwaka 2018, inataka baada ya upasuaji wa koronari troponini ipite mara 10 ya kikomo cha juu cha kawaida ndani ya saa 48, kwa mtu aliyeanza na kiwango cha kawaida, na kuwe na ushahidi mwingine: mabadiliko mapya ya umeme, ukuta usiocheza kwenye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), au mshipa ulioziba kwenye picha.

Hata mara 10 ni ndogo mno ukiitazama peke yake. Utafiti wa VISION wa upasuaji wa moyo, uliochapishwa 2022 ukiwa na wagonjwa 13,862 kutoka nchi 12, ulitumia troponini I nyeti yenye kikomo cha nanogramu 26 kwa lita. Kwa waliofanyiwa koronari au vali ya aota peke yake, kiwango kilichoambatana na ongezeko la vifo ndani ya siku 30 kilikuwa 5,670 ndani ya siku ya kwanza, yaani mara 218 ya kikomo. Kwa upasuaji mwingine wa moyo kilikuwa 12,981, mara 499. Daktari wa ICU anayeona 900 na kushtuka hana sababu. Anayeona 14,000 saa 20 baada ya kubadilisha vali ya aota peke yake aite eko sasa hivi.

Tahadhari: namba hizo ni za kipimo kile kimoja. Troponini I na T hazilinganishwi, wala I ya kampuni moja na I ya nyingine.

Damu ichukuliwe lini, na ihifadhiwe vipi?

Kabla ya upasuaji, kisha saa 6, 12, 24, 48 na 72. Swali ambalo watu husahau kuuliza: saa 6 baada ya nini? Hesabu kuanzia klampu inapofunguliwa. Ukihesabu tangu kufika ICU, mgonjwa aliyekaa saa mbili zaidi mezani kwa sababu ya kutokwa damu atalinganishwa na mwingine kwa saa isiyo yake.

Tyubu ikae dakika 30 igande kama ni ya seramu, kisha izungushwe kwa nguvu ya g 1,500 kwa dakika 10 hadi 15. Watu huandika "mizunguko 3,000" na kudhani wamemaliza. Nguvu inategemea urefu wa mkono wa mashine: wenye sentimita 15, mizunguko 3,000 inatoa g 1,500 hivi, wenye sentimita 10 inatoa g 1,000 tu. Pima mkono kwa rula, mara moja, andika kwenye kibandiko ubaoni.

Baada ya mashine ya moyo na mapafu, seramu mara nyingi huwa na rangi ya waridi, kwa sababu pampu na minyonyo huvunja chembe nyekundu. Damu iliyovunjika huvuruga baadhi ya vipimo vya troponini. Usiitupe kimya kimya. Ipe alama ya wekundu ili uweze kuichambua kando.

Gawanya kwenye vichupa vya mililita 0.5, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Vidogo ni makusudi: kichupa kikiyeyushwa mara moja kitumike chote, kisirudishwe. Umeme ukikatika Jumamosi usiku, friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhimili saa kadhaa. Iliyo nusu tupu haihimili. Jaza nafasi kwa chupa za maji yaliyoganda. Weka kipima joto kinachorekodi chenyewe, na namba ya simu ya mtu wa zamu mlangoni.

Eko inatosha kupima nguvu ya moyo?

Inatosha ikisomwa kwa akili. Vali ya mitro iliyovuja ikizibwa, asilimia ya damu inayosukumwa hushuka hata kama msuli haujaumia, kwani sehemu ya damu haina tena njia rahisi ya kurudi nyuma. Na mwendo wa pete ya vali ya trikaspidi (ya kati ya vyumba vya kulia), ambao kwa kawaida ni milimita 17 au zaidi, hupungua karibu kwa kila mtu mfuko wa moyo ukishafunguliwa. Kipimo hicho peke yake hakithibitishi ventrikali ya kulia imejeruhiwa. Msomaji wa eko asijue mgonjwa yuko kundi gani.

Kwa nini dawa zinazofanya maajabu kwa panya hushindwa kwa watu?

Mfano mzuri ni mazoezi ya kukatiwa damu. Mwaka 1986 Charles Murry, Jennings na Reimer waliziba koronari ya mbwa mara nne, dakika tano kila moja, kabla ya kuiziba kwa dakika 40. Eneo lililokufa lilikuwa robo tu ya lile la mbwa wasioandaliwa. Likafuata wazo la kubana mkono wa mgonjwa kwa mkanda wa presha ili moyo upate ulinzi huohuo. Mwaka 2015 majaribio mawili makubwa, RIPHeart la Ujerumani lenye wagonjwa 1,403 na ERICCA la Uingereza lenye 1,612, hayakuona faida yoyote kwa wagonjwa. Kuna maelezo yanayotajwa sana: propofoli, dawa ya usingizi iliyotumika mno katika majaribio yote mawili, huenda inazima ulinzi huo. Vilevile panya wa maabara ni kijana, hana shinikizo la mapafu, hatumii dawa, na damu yake hukatwa bila kadioplegia.

Hata hivyo moyo wa panya unaotundikwa kwenye kanula, njia ya Oscar Langendorff ya 1895, bado ni chombo cha bei nafuu cha kupima mapishi mapya. Panya wa gramu 250 hadi 300, heparini, moyo utumbukizwe kwenye maji ya barafu na aota ivishwe kanula ndani ya dakika tatu. Maji ya Krebs (maji yenye chumvi na sukari kama za damu), nyuzi 37, gesi yenye oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi asilimia 5. Kalsiamu iongezwe mwishoni, gesi ikiwa imeshapita. Ukiitanguliza, maji yanakuwa meupe kama ya chokaa na chembe zake huziba vimishipa. Kosa jingine ni kanula kuzama hadi kupita vali ya aota: maji yanakwenda ventrikalini, koronari hazipati kitu, na moyo unapauka mkononi mwako. Ni tatizo lilelile la vali inayovuja, kwa ukubwa wa zabibu.

Mgonjwa mwenye selimundu anaweza kuingizwa kwenye utafiti?

Anaweza, ila kipimo kifanyike kabla. Baridi, asidi na damu iliyotuama ni mambo yale yale yanayokunja chembe zake. Kwa mwenye ugonjwa kamili, lengo la kawaida ni kubadilisha damu hadi hemoglobini S iwe chini ya asilimia 30, na kuepuka kupoza mwili sana. Wenye vinasaba vya upande mmoja ni wengi nchini, na wengi hupita salama, lakini waandikwe.

Tuna wagonjwa 40 tu kwa mwaka. Inatosha?

Kwa vifo, hapana kabisa. Kwa troponini, huenda, ukitumia eneo lote chini ya mstari wa grafu ya troponini wa saa 72 badala ya kipimo kimoja, na ukabadili namba kwa logi kwa sababu hazijagawanyika sawa. Amua hili na mtakwimu kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Vibali gani vinahitajika?

Kamati ya maadili ya chuo au hospitali yako, kisha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Jaribio la dawa linahitaji pia kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Mtafiti wa kigeni anapitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Sampuli zikitoka nje ya nchi kunahitajika mkataba wa kuhamisha sampuli, na taarifa za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kadioplegia iliyochanganywa upya kwa ajili ya utafiti ni dawa. Msiichukulie kama maji tu.

Mwanangu anafanyiwa upasuaji na wameniletea fomu. Nawauliza nini?

Anayeomba ridhaa anapaswa kukaa, kukusalimia, na kusema kwa maneno ya kawaida, kwa mfano: "Shikamoo mama. Upasuaji wa mwanao utafanyika hata ukikataa utafiti huu, na daktari ni yuleyule. Tunaomba kuchukua damu mara sita, mililita nne kila mara. Jumla ni mililita 24, kama vijiko vitano vya chai. Tutaichukua kwenye mrija uliokwishawekwa, hatutamchoma upya." Kiasi hicho ni cha mtu mzima au kijana mkubwa, kwa mtoto mchanga lazima kiwe kidogo zaidi, nawe uliza ni kiasi gani.

Uliza kama dawa inayojaribiwa ni tofauti na ya kawaida ya hospitali, au wanapima tu. Uliza damu itakaa wapi na itasafirishwa kwenda nchi gani. Uliza nani atakupigia troponini ikitoka juu sana, na lini, kwa sababu sampuli zinazofanyiwa kazi miezi sita baadaye haziwezi kumsaidia mwanao usiku wa leo. Usisaini asubuhi ya upasuaji ukiwa umesimama kwenye korido. Una haki ya kwenda nayo nyumbani, iwe Mbagala au Kigogo, ukaisome na baba yake au mjomba, na kuirudisha kesho. Ukishasaini bado unaweza kujitoa. Fomu iwe ya Kiswahili, na nakala moja ibaki mkononi mwako ikiwa na namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili.